Nani Anauliza Swali? Mwananchi na Utafiti wa Afya Ukambani

Utafiti wa afya si mgeni Ukambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ugonjwa wa kala-azar ulipolipuka kaskazini mwa Kitui, wataalamu walikuja kuwapima watu na kuchunguza vichuguu vya mchwa vilivyo karibu na maboma, kwa kuwa inzi wadogo wanaoeneza ugonjwa huo hujificha humo. Katika miaka ya 1970 familia nyingi za kaskazini mwa Machakos ziliandikwa daftarini mwaka baada ya mwaka, zikafuatiliwa vizazi na vifo vyao, surua na kifaduro cha watoto wao, na matokeo yakatoka kama kitabu cha Kiingereza mwaka 1984. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Machakos, maini yao yameharibika, na 12 kati yao wakafa. Uchunguzi ukagundua sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, katika mahindi waliyokula. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo ilirudi kwa nguvu zaidi, safari hii Makueni na Kitui. Katika kazi zote hizo mwananchi alitoa damu, mkojo, mahindi na muda wake. Ambacho hakutakiwa kutoa ni swali. Swali lilikuja limeshaandikwa, likiwa na bajeti yake na muhuri wake, na yeye akatakiwa kulijibu. Hoja yangu leo ni kwamba hapo ndipo penye kasoro. Mgonjwa na jirani yake wanapaswa kuingia katika utafiti kabla ya swali kuandikwa, na wasitoke mpaka jibu liwarudie. Ninasema hivyo kwa ajili ya heshima ya mtu, naam, lakini zaidi kwa ajili ya ubora wa utafiti wenyewe.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini, kwa maana neno ushirikishwaji limetumika sana katika warsha hata limepoteza makali. Kuna mtu anayeshiriki utafiti kwa kupimwa: anatolewa damu, anajibu maswali ya fomu, anapewa dawa na kufuatiliwa. Huyo anafanya kazi kubwa na anastahili shukrani, lakini hana usemi. Kuna mtu anayehamasishwa: anaitwa kwenye baraza la chifu, anaelezwa kwamba utafiti unakuja na ni mzuri, anaombwa ajitokeze na awalete wengine. Huyo naye hana usemi. Amepewa habari tu. Ninayemzungumzia ni wa tatu, yule anayeketi na watafiti kama mshauri au mwenza. Anaweza kusaidia kuchagua ni tatizo gani lichunguzwe kwanza. Anaweza kusema ni matokeo gani yapimwe ili mgonjwa aone faida. Anaweza kusoma karatasi ya ridhaa na kuonyesha mahali ambapo jirani yake hataelewa. Anaweza kuwa mjumbe asiye mwanasayansi katika kamati ya maadili ya utafiti, na kiti hicho kipo tayari katika kamati nyingi. Anaweza kukusanya takwimu, kusaidia kuzitafsiri, na kurudisha majibu kijijini. Mtu mmoja si lazima afanye yote. La msingi ni kwamba kauli yake iwe na uwezo wa kubadilisha jambo. Ikiwa hakuna alichosema ambacho kingeweza kuubadilisha mpango, basi hakushirikishwa, alishuhudia tu.

Sasa tuurudie mwaka 2004, kwa sababu ushahidi wake ni wa hapa kwetu na unafundisha mengi. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, Wizara ya Afya na wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, waliorodhesha wagonjwa 317 waliogeuka manjano macho na ngozi kwa ghafla kwa sababu ya maini kushindwa kufanya kazi. Watu 125 walifariki. Wengi wao walitoka Makueni na Kitui. Watafiti waliwachagua wagonjwa 40 na, kwa kulinganisha, watu 80 wazima wa vijiji vile vile, wakawauliza walikula nini na walihifadhi vipi chakula chao, kisha wakayapima mahindi. Mahindi ya nyumba zilizokuwa na wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354 za sumukuvu kwa bilioni. Ya nyumba ambazo hazikuwa na wagonjwa yalikuwa na sehemu 44. Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa 20. Maana yake ni kwamba hata waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa wakila sumu iliyozidi kipimo maradufu. Sampuli zilizochukuliwa katika masoko 65 zilionyesha kwamba asilimia 55 ya bidhaa za mahindi zilipita kiwango hicho. Na jambo moja lilijitokeza wazi katika ulinganisho wa nyumba: waliougua walielekea zaidi kuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba za kuishi badala ya ghalani.

Uchunguzi huo ulikuwa wa haraka, wa makini, na uliokoa maisha. Sina neno la kuupunguzia sifa. Lakini tazameni jibu lake linapokomea. Limesema mahindi mabichi yaliyowekwa ndani ya nyumba yanahusiana na ugonjwa. Ulinganisho wenyewe haukuweza kusema kwa nini mkulima mwenye ghala aliyaweka ndani ya nyumba, na kila mtu aliyeishi katika nchi ya ukame anaweza kulijibu swali hilo bila kufikiri sana. Mwaka wa njaa, ghala lililoko nje ni mwaliko kwa mwizi. Ndani ya nyumba mahindi yana usalama, ila hayana hewa. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, mtu mwenye njaa havumilii wiki mbili za jua. Anavuna mapema, anabeba, anafunga mlango. Kwa hiyo ushauri uliofuata, kausha vizuri na uhifadhi ghalani, ulikuwa sahihi kwa mujibu wa maabara lakini ukagongana na mambo mawili ambayo ushauri wenyewe haukuyagusa, yaani wizi na njaa. Utafiti ulioanza na mwenye nyumba ungekuwa na maswali mengine kabisa. Mahindi yaliyoota kuvu upande mmoja wa gunia, nikiyachambua, yaliyobaki yanaliwa? Nikiyakoboa, sumu inatoka? Pumba nikiwapa kuku, na maziwa ya mbuzi aliyekula mabua, je? Mama anayenyonyesha akila, mtoto anapata? Nikiyatupa yote, nani atanipa mengine? Haya ni maswali halali ya kisayansi, na baadhi yake yana majibu leo: inajulikana, kwa mfano, kwamba sumu hii hupita katika maziwa, ya mnyama na ya mama. Wenye maswali haya hawakuhitaji shahada ili kuyapata. Walihitaji mtu wa kuwasikiliza kabla ya fomu kuchapishwa.

Kuna mfano unaoonyesha swali la jikoni linavyoweza kuwa sayansi nzuri, nao ni muthokoi. Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi watu wa Kanyangi, hapa Kitui, muthokoi ni nini, lakini mhadhara huu utasomwa na wengine: ni mahindi yanayotiwa maji kidogo kinuni na kutwangwa mpaka ganda na kiini cha mbegu vitoke, yakapepetwa, kisha yakapikwa na maharagwe, kunde au mbaazi. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya wakiongozwa na Christopher Mutungi walichapisha uchunguzi wa kinachoipata sumukuvu mahindi yanapogeuzwa kuwa muthokoi. Waligundua kwamba kukoboa peke yake kulipunguza sumu kwa wastani wa asilimia 46 hivi. Hiyo ni habari njema, na chanzo chake ni mila ya jikoni, si kiwanda. Lakini angalieni upana wa matokeo: katika sampuli nyingine sumu ilipungua kwa asilimia 5 tu, katika nyingine kwa 70. Kitu gani kinatofautisha sampuli moja na nyingine? Huenda ni aina ya mbegu, au kiasi cha maji, au muda wa kutwanga, au mahali kuvu ilipofikia ndani ya punje. Anayeweza kuorodhesha mambo hayo haraka kuliko mtu mwingine yeyote ni mama ambaye ametwanga kwa miaka thelathini. Hapo ndipo ujuzi wake unapokuwa nyenzo ya utafiti, na bila yeye mtafiti atapapasa gizani kwa gharama kubwa. Wakati huo huo mfano huu unamtahadharisha mama mwenyewe. Chukueni yale mahindi ya mwaka 2004 yenye sehemu 354, muyapunguze kwa asilimia 46: zinabaki takriban 190, karibu mara kumi ya kiwango kilichoruhusiwa. Muthokoi hausafishi mahindi yaliyooza. Mila ilitoa swali zuri. Kipimo kikaonyesha mpaka wake. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Ndivyo ilivyo pia kwa tiba mpya zinazoletwa shambani. Bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015 na ambayo kiwanda chake kiko Katumani, Machakos, hutumia kuvu wa humu humu nchini wasiotengeneza sumu. Hutawanywa shambani kabla ya mahindi kutoa maua, ili kuvu hao wawahi nafasi na kuwasukuma nje wenzao wenye sumu. Wazo hilo ni la werevu mkubwa, na lilitegemea kuvu waliokusanywa katika mashamba ya wakulima wa kawaida. Bado kuna swali ambalo maabara haiwezi kulijibu: mkulima aliyenunua mbegu kwa mkopo atatoa pesa kwa ajili ya kitu kisichoongeza hata debe moja la mavuno, ikiwa sokoni mnunuzi halipi zaidi kwa mahindi salama? Swali hilo ni la uchumi wa nyumbani, na linaamua kama sayansi nzuri itafika kinywani au itabaki kwenye ripoti.

Mtu atasema: hayo ni ya Ukambani, je, kwingineko kuna ushahidi? Upo. Wataalamu wa ugonjwa wa baridi yabisi duniani wana jumuiya yao, OMERACT, ambayo huamua ni mambo gani yapimwe katika majaribio ya dawa. Kwa miaka mingi walipima uvimbe wa viungo, maumivu na uwezo wa kufanya kazi. Mwaka 2002 waliwaalika wagonjwa mkutanoni, na wagonjwa wakazungumzia jambo ambalo halikuwa katika orodha: uchovu, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Miaka michache baadaye uchovu ulikubaliwa kuwa miongoni mwa mambo yanayopaswa kupimwa. Madaktari waliobobea walikuwa wamewatazama wagonjwa hao maisha yao yote ya kazi, na wakapitwa na jambo hilo, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Upande wa pili wa ushahidi ni gharama ya kutoshirikisha. Mwaka 2004 jaribio la dawa ya tenofovir ya kukinga maambukizi ya Ukimwi lilipangwa Kamboja, miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wanawake hao, waliokuwa na umoja wao, waliuliza nani angewatibu iwapo dawa ingewaletea madhara baada ya utafiti kwisha. Hawakupata jibu la kuwaridhisha, wakapinga hadharani, na serikali ikalisimamisha jaribio kabla halijaanza. Tenofovir hiyo leo imo katika vidonge vya kinga vinavyotolewa pia katika vituo vya afya vya Kenya. Swali la wale wanawake lilikuwa la haki na lilikuwa na jibu. Lingejibiwa mezani mapema, muda ule usingepotea. Baada ya misukosuko hiyo, mwaka 2007, Umoja wa Mataifa kupitia UNAIDS na shirika la AVAC walitoa mwongozo wa kuwashirikisha watu katika majaribio ya kinga ya Ukimwi.

Nisiutie ushahidi huu chumvi. Mwaka 2018 Joanna Crocker na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu suala hili. Walikuta kwamba kuwashirikisha wagonjwa na umma kuliongeza kwa kiasi kidogo uwezekano wa watu kujiunga na jaribio, na dalili zilikuwa kwamba faida huwa kubwa zaidi pale wanaoshirikishwa wanapokuwa wameupitia ugonjwa wenyewe. Kuhusu watu kubaki katika utafiti mpaka mwisho, hakukuwa na ushahidi wa wazi. Kwa hiyo yeyote anayewaahidi kwamba ushirikishwaji utatatua kila tatizo la utafiti anauza maneno. Mimi ninadai kidogo kuliko hapo, lakini kwa uthabiti: kosa la hesabu linaweza kusahihishwa katikati ya kazi, kosa la swali haliwezi. Ukiuliza jambo lisilo na maana kwa anayeugua, hata ukilijibu kwa usahihi wa ajabu umepata jibu lisilo na mwenyewe. Na kinga dhidi ya kosa hilo ni kumwita mwenye tatizo mapema.

Hapa nchini mfano unaojulikana zaidi uko Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1989. Pwani kuna hofu ya zamani ya mumiani, wanyonya damu wanaosemekana kuiuza au kuitumia kwa uchawi, na kituo kinachochukua damu za watoto kisingeweza kuikwepa hofu hiyo. Waligundua kwamba hofu haiondolewi kwa hotuba. Wakajenga mtandao wa wawakilishi wa jamii wapatao 200, waliochaguliwa na wananchi wenyewe, wanaokutana na watafiti mara kwa mara kupokea habari na kupeleka malalamiko. Ni hatua kubwa, na inapasa kuigwa. Lakini uchambuzi wa Dorcas Kamuya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, unaonyesha ugumu wake pia: mwakilishi anaweza kuonekana na majirani kama mtu wa KEMRI, akatarajiwa kuleta ajira na misaada, naye akajikuta katikati ya pande mbili. Mimi ninaongeza hatari nyingine. Mtandao kama huo, usipoangaliwa, huwa njia ya kuupitisha utafiti vizuri badala ya njia ya kuuunda. Mwakilishi hupewa habari za mradi ambao tayari una pesa, na kazi yake inakuwa kuulainishia njia. Ndiyo maana ninasisitiza wakati wa kuingia kuliko idadi ya mikutano.

Sasa niyajibu mapingamizi, kwa kuwa yapo na si ya kubeza. La kwanza husema mwananchi wa kawaida hakusoma, atachangia nini katika mambo ya vinasaba na takwimu? Pingamizi hili linachanganya aina mbili za ujuzi. Hakuna anayemtaka mkulima akokotoe ukubwa wa sampuli. Anaulizwa mambo ambayo yeye ndiye mjuzi wake: mtu huenda zahanati siku gani na kwa nini haendi nyingine, nani nyumbani huamua mtoto apelekwe hospitali, dawa ya kunywa mara tatu kwa siku itawezekanaje kwa mtu anayefuata ng'ombe mtoni. Na kama haelewi utafiti, tuulize kosa ni la nani. Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba baadhi ya wazazi walikuwa wametoa ridhaa bila kufahamu kwamba watoto wao wamo katika utafiti; waliona ni matibabu ya kawaida ya hospitali. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na mtoto mgonjwa mikononi, na maelezo hayakuwa yametengenezwa pamoja na watu kama wao. Karatasi ya ridhaa iliyosomwa kwanza na akina mama kumi wa kijijini, kwa Kikamba, kwa sauti, itarekebishwa mahali ambapo profesa asingepaona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nani anamwakilisha nani? Tunajua wanaofika kwenye baraza na wanaozungumza. Mara nyingi ni wanaume wazee, wenye ardhi, wenye undugu na wenye vyeo. Msichana mwenye mimba, mgonjwa wa kifua kikuu anayeogopa kutengwa, mtu asiyesikia, mjane aliye na deni kwa mwenyekiti, hawa hawatainua mkono. Ni kweli, na baraza moja halitoshi. Lakini tiba yake ni kufungua milango mingi badala ya kufunga ule mmoja. Ukambani una vikundi vya mwethya, ambavyo vimechimba matuta na mabwawa kwa vizazi. Una vyama vya akina mama vya kuweka akiba. Una kliniki za kisukari na za shinikizo la damu ambako wagonjwa huketi pamoja asubuhi nzima wakingoja zamu. Kila mahali hapo pana watu wenye ugonjwa au wenye mzigo wa kuuguza. Na tukumbuke kwamba pasipo na mwananchi yeyote mezani, si kwamba uwakilishi umekosekana. Mtafiti amejiteua mwenyewe kuwa mwakilishi wa wote, na huyo hakuchaguliwa hata na baraza.

La tatu ni gharama na muda. Kuwaita watu kunahitaji nauli, chakula, mkalimani na miezi kadhaa, na wafadhili wana haraka. Nalo nalikubali, ila hesabu iwe kamili. Mwaka 2009 Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria katika jarida la Lancet kwamba takriban asilimia 85 ya fedha za utafiti wa tiba duniani hupotea, na chanzo cha kwanza walichokitaja ni maswali yasiyowahusu wagonjwa na waganga. Ukilinganisha na hasara hiyo, nauli ya watu ishirini kufika sokoni Kanyangi ni kitu kidogo. Kuhusu malipo, sioni aibu yoyote mtu kulipwa fidia ya siku aliyoacha shamba. Aibu ni malipo ya siri, au malipo yanayotegemea mtu kusema ndiyo. Kiwango kitangazwe hadharani, kiwe kile kile kwa anayekubali na kwa anayepinga.

La nne ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Linasema sayansi lazima iwe huru. Tukiwaachia watu utafiti, watataka majibu wanayoyapenda, na ukweli utatekwa na kura. Jibu langu ni kutenganisha kazi. Umma una haki ya kusema kipi kinastahili kuulizwa, madhara gani hayavumiliki, na majibu yarudi vipi. Hauna haki ya kuamua majibu yawe yapi, wala mfadhili hana, wala profesa hana. Kumbukeni jaribio la FEAST, lililoongozwa kutoka Kilifi na kuwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kuzorota. Kwa miongo mingi madaktari duniani waliamini kwamba mtoto kama huyo atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kinyume: ndani ya saa 48, watoto kama 10 au 11 katika kila 100 waliopewa maji hayo walikufa, ikilinganishwa na 7 hivi katika kila 100 ambao hawakupewa. Walioshikilia imani hiyo hawakuwa wanakijiji. Walikuwa wenye shahada. Funzo lake ni kwamba imani ya kila mtu hupimwa, ya mganga na ya mgonjwa, na kwamba swali la mahali hapa halijibiwi kwa kuazima desturi ya mahali pengine. Kumshirikisha mwananchi hakuondoi mizani; kunasaidia kuchagua kitu cha kuweka juu yake.

Msingi wa kisheria hatuukosi. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, inatoa haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na haki ya kiwango cha juu cha afya katika kifungu cha 43. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu inayohusu utafiti. Hatukosi hata mfano wa vitendo, kwa kuwa ng'ambo ya mto Athi Kaunti ya Makueni, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ilijijengea ngazi za mashauriano zinazoanzia kijijini, zikapanda hadi wadi na kaunti, na wananchi wakatumia ngazi hizo kuchagua miradi ya maji, barabara na zahanati. Kaunti hiyo hiyo ilianzisha mpango wa MakueniCare mwaka 2016, familia ikichangia shilingi 500 kwa mwaka. Ikiwa wanakijiji wanaaminiwa kuchagua mahali pa kuchimba kisima, na kuikagua kazi ya mkandarasi, kwa nini wasiaminiwe kusema ni ugonjwa gani unaowamaliza na ambao haujapata mtu wa kuuchunguza? Ngazi ipo. Hakuna aliyeiegemeza kwenye mlango wa utafiti.

Kwa upande wetu wa Kitui mahitaji yako karibu pia. Wadi ya Kanyangi na wadi ya Kwavonza zimo katika eneo bunge moja la Kitui Rural, na Kwa Vonza ndipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Wanafunzi wa chuo hicho wanahitaji mada za utafiti kila mwaka. Watu wa Kanyangi wana maswali kila siku. Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwaka kamati za vituo vya afya na wahamasishaji wa afya ya jamii wakusanye maswali ya wananchi, kuanzia mahindi hadi kuumwa na nyoka, wayapange kwa uzito, na orodha ikabidhiwe chuo na idara ya afya ya kaunti hadharani. Pili, utafiti wowote utakaofanyika hapa uwe na wenyeji wasiopungua wawili wanaosoma mpango wake kabla haujapelekwa kwa kamati ya maadili, na waulize bila woga: nani analipa, damu itakwenda wapi na itakaa muda gani, akipata madhara mtu atatibiwa na nani. Tatu, matokeo yarudi kwa Kikamba, barazani, katika muda uliotajwa tangu mwanzo, hata kama yanasema dawa haikufanya kazi. Matokeo ya namna hiyo nayo ni mali yenu. Mliyalipia kwa damu na kwa muda.

Na kwa kuwa haki isiyoweza kukataa haina nguvu, niseme hili la mwisho waziwazi. Mtu ana ruhusa ya kukataa kuingia katika utafiti na bado akatibiwa zahanati kama mwenzake aliyekubali. Kijiji nacho kina ruhusa ya kumwambia mtafiti: swali lako tumelisikia, lakini hili letu ni zito zaidi, rudi tulizungumze. Mtafiti mzuri hatakasirika akiambiwa hivyo. Ataketi, atafungua daftari, na ataondoka na swali bora kuliko lile alilokuja nalo.